Mhariri, slomosheni inaua ngoma zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo linaloniuma na sioni mtu analisema. Siku hizi ukifungua video ya ngoma kutoka huku kwetu Usukumani, au ya harusi, au ya mbio za mitumbwi ziwani, ni slomosheni, yaani picha iliyopunguzwa spidi, mwanzo mwisho. Wachezaji wanaelea, vumbi linaelea, shanga zinaelea, afu chini wamelaza muziki wa piano sijui wa wapi, dakika tatu zinaisha hujasikia ngoma ikilia hata mara moja. Na wanaotengeneza ni vijana wazuri, wana jicho, wana vifaa ambavyo sisi tulioanza na kamera za kanda tulikuwa hata hatuvioti, kwa hiyo siandiki kuwasema vibaya, naandika kwa sababu kazi yao naipenda na nataka watu waitazame mpaka mwisho.

Mi naediti video hapa Mwanza, harusi, sendofu, mikutano, mechi, na mwezi wa sita nikipata nafasi naenda Bujora pale Kisesa kwenye Bulabo. Kwa wasiojua, Bulabo ni sherehe ya ngoma za Wasukuma, ilianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, huyohuyo aliyeanzisha makumbusho ya Bujora, na kivutio chake kikubwa ni Bagika na Bagalu. Hivi vyama viwili vya ngoma vinashindana tangu karne ya 19, walipoanza kina Ngika na Gumha, na mashindano yenyewe ni ya kuvuta watu: vikundi viwili vinacheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na kile kinachojaza watu ndo mshindi. Hakuna kitu kingine kinachohesabiwa. Mtazamaji akichoka anageuka anaenda upande wa pili, basi umepoteza.

Ndo maana nasema manju wa Kisukuma, yaani kiongozi wa ngoma, anajua kupanga montaji, mpangilio wa picha, kuliko wengi wetu tuliokaa mbele ya kompyuta. Angalia bugobogobo, ngoma ya majembe. Chanzo chake ni kilimo cha kusaidiana, watu wako shambani kwa pamoja na ngoma inapigwa kuwapa mwendo wa kulima. Wakicheza uwanjani wanaanza na majembe chini, wanaenda na mdundo, miguu inachapa ardhi, unazoea, mwili wako mwenyewe unaanza kuhesabu, afu ghafla jembe linazungushwa, linarushwa juu, linadakwa, na ngoma inapasuka palepale mkono unaposhika mpini. Watu wanapiga kelele. Halafu wanarudi chini tena. Kurusha jembe kunasisimua kwa sababu kumetanguliwa na dakika nzima ya kutorusha. Wangekuwa wanarusha majembe toka mwanzo hadi mwisho wangebaki wanacheza peke yao.

Sasa chukua video tunazotengeneza sisi, kila shoti imepunguzwa spidi, kutembea slomo, kunywa maji slomo, mtoto anacheka slomo, mpiga ngoma slomo, na jembe likirushwa nalo slomo ileile, kwa hiyo lile jembe halina tofauti yoyote na mtu aliyekuwa anafunga kamba ya kiatu. Jicho likishazoea mwendo wa taratibu halioni tena kuwa ni taratibu, linaona tu video inachosha. Nguvu yote ya slomosheni iko kwenye tofauti, lazima kwanza mtu aone spidi ya kweli ndo ahisi umemshikia muda.

Mi ninavyofanya, na nawaomba wadogo zangu wajaribu: toka kwenye mchezo mzima chagua matukio machache ambayo jicho la kawaida haliwezi kuyaona. Jembe lilivyogeuka hewani. Vidole vinafunguka kabla ya kudaka. Vumbi linalonyanyuka mguu ukishatua, maana mguu wenyewe ukiuangalia kwa spidi ya kawaida umeshaondoka. Uso wa mchezaji ile sekunde anayoangalia juu kutafuta jembe lake, hapo kuna wasiwasi ambao uwanjani hakuna aliyeuona, hata mwenzake wa pembeni hajauona. Hizo ndo zinastahili. Kutembea, kukaa, kusalimiana, kuongea, acha na spidi yake, mtazamaji anajua watu wanavyotembea.

Na hata hizo ulizochagua usizianze zikiwa taratibu. Anza na spidi ya kawaida, mchezaji anainama, anazungusha, mkono unapoachia jembe ndo unashusha spidi, linaelea pale juu, afu kabla halijafika mkononi unapandisha tena ili lidakwe kwa nguvu yake halisi na sauti yake halisi. Programu karibu zote zina hiyo kitu ya kupandisha na kushusha spidi ndani ya shoti moja, hata zile za bure za kwenye simu, lakini wengi wanatumia ile mipangilio ya spidi iliyotengenezwa tayari, unabonyeza tu inajipanga yenyewe, matokeo yake spidi inashuka mahali ambapo hakuna kitu. Isogeze kwa mkono, fremu kwa fremu, yaani picha moja moja zinazojenga video, tafuta ile fremu ambayo vidole vimeachia mpini. Inachosha, najua, lakini kazi yenyewe ndo hiyo.

Halafu jamani slomosheni haianzii kwenye kuediti, inaanzia kwenye kushuti. Hili ndo naona linawasumbua wengi. Huku kwetu tunafanya kazi kwa fremu 25 kwa sekunde. Ukishuti kwa 50 ukaja kuweka kwenye taimulaini, ule mstari wa kupangia video kwenye programu, ya 25 unapata nusu spidi safi, kila fremu ni ya kweli. Ukishuti kwa 100 unapata robo, sekunde 1 inakuwa sekunde 4. Lakini ukishuti kwa 25 afu ukashusha mpaka robo, zile fremu 25 ndo zinatakiwa zijaze sekunde 4, hazitoshi, kwa hiyo kompyuta ama inarudia kila fremu mara nne, video inakwamakwama kama kanda mbovu, ama inabuni fremu za katikati kwa kukisia kitu kilikuwa kinaelekea wapi. Kukisia huku kunaenda vizuri kama ni ndege mmoja kwenye anga tupu. Kwenye bugobogobo ambapo mikono inapita mbele ya majembe, majembe yanapita mbele ya miguu ya mwenzake, programu inachanganyikiwa, unaona mpini unayeyuka, mguu unaota kutoka kwenye paja la mtu mwingine. Nimeona klipu za namna hii zimewekwa kwenye kurasa zinazotangaza utalii, sitataja za nani, na nilisikitika maana wale wachezaji wamefanya mazoezi miezi na miezi wakawa wameonyeshwa duniani kama watu wa plastiki.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi jiulize hii shoti naitaka taratibu au la. Zile zilizo taratibu shuti kwa 50 au 100, zingine zote acha 25 na sauti yake. Usiweke kamera kwenye fremu 100 asubuhi ukaisahau mpaka jioni.

Kuna na suala la mwanga, hapa niongee kidogo na wenzangu wa maharusi maana ndo linawaumiza. Ukipandisha fremu lazima shata, ule muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, nayo ikimbie, kawaida shata inakuwa mara mbili ya fremu, kwa hiyo kwenye 25 ulikuwa na 1/50, kwenye 100 unaenda 1/200, maana yake mwanga unaoingia umebaki robo. Mchana pale Bujora jua linawaka hamna shida. Ukumbini saa tatu usiku shida ipo, unapandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, mpaka picha inajaa chenga. Na taa zenyewe: umeme wetu ni 50 hezi, taa nyingi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona, ndo pale bibi harusi anaingia kwa slomo na ukumbi mzima unapepesa nyuma yake. Simu nyingi zimewekwa 120 au 240 kwa slomo, na 120 haiendani na umeme wetu, inapepesa. Kama kamera yako ina 100 tumia 100 na shata iweke 1/100, utapoteza kidogo ule ukali wa mwendo lakini picha itatulia na mwanga utaongezeka maradufu ukilinganisha na 1/200. Zile taa za mapambo za rangi zina tabia zao zingine tena, dawa ni kufika ukumbini mapema, kushuti kidogo na kuangalia kwenye skrini kabla wageni hawajaingia.

Sasa sauti. Hapa ndo nina uchungu zaidi. Kamera nyingi ukiziweka kwenye modi ya slomosheni hazirekodi sauti kabisa, na zile zinazorekodi, ukishusha spidi robo sauti inashuka chini oktavu mbili, ngoma inakuwa mngurumo na nyimbo inakuwa kama mtu anaumwa. Edita anaona takataka, anafuta, anatafuta muziki kwenye intaneti. Ndo hapo ngoma ya Kisukuma inapokufa. Yani umemchukua mtu asiyewahi kufika Kisesa, umemwonyesha watu wanacheza, hujamwonyesha wanacheza nini. Miguu inatua kwa sababu ngoma imelia! Ukitoa ngoma wale ni watu wanaruka vumbini bila sababu.

Dawa yake wala sio ghali. Weka kinasa sauti kidogo, au hata simu ya pili, karibu na wapiga ngoma, kiache kirekodi mchezo wote kwa spidi ya kawaida bila kukigusa. Ukija kuediti, hiyo sauti ilaze kwanza kwenye taimulaini kabla ya picha yoyote, kata mahali inapopanda, pata kama dakika moja na nusu ambayo ina mwanzo, inapanda, inapasuka. Hiyo sasa ndo mgongo wako. Picha za spidi ya kawaida zipange zifuate mdundo wake, na za slomo zitelezeshe mpaka ile fremu ya kugusa, mguu kwenye ardhi au jembe kwenye kiganja, iangukie kwenye pigo la ngoma. Ukiweza hilo tu, hata kama shoti imepunguzwa mara nne mtazamaji atahisi mchezaji anacheza na ngoma ileile anayoisikia. Ukikosea kwa fremu tatu nne mgeni hatajua ni nini ila atahisi kuna kitu hakiko sawa, na mzee wa Kisukuma atajua mara moja.

Sio kila pigo likatwe. Hii nayo imekuwa ugonjwa, kila biti picha mpya, kila biti picha mpya, baada ya nusu dakika kichwa kinauma. Kata mapigo mawili matatu, afu iache shoti moja ipite mapigo manne bila kukata, hasa ya slomo, ipumue. Shoti ya slomo sekunde mbili tatu zinatosha, tukio la nusu sekunde ukilipunguza robo ndo sekunde mbili hizo hizo, kilichobaki mbele na nyuma ni mkia tu, kata.

Kuhusu kuunganisha shoti na shoti, fuata mwendo. Kama jembe linapanda kwenye shoti hii, shoti inayofuata ianze na kitu kinachopanda au kinachoanza kushuka, hata kama ni jembe la mtu mwingine, hata kama ni vumbi, jicho litaona ni mwendo mmoja unaendelea. Na usitumie slomo kwenye shoti za mbali, za droni au za uwanja mzima. Kitu kilicho mbali tayari kinaonekana kinaenda taratibu, ukikipunguza tena kinaganda. Slomo ni ya karibu: mikono, nyuso, miguu, shanga, mate ya mpiga filimbi. Ya mbali iache na spidi yake, au hata ikimbize kidogo, itakusaidia kuonyesha watu wanavyojaa.

Niseme na harusi maana ndo inatulisha wengi. Kuna vitu vya harusi ambavyo naomba visiwekwe slomo kabisa, cha kwanza vigelegele. Kigelegele ni sauti. Mama mzazi anapiga kigelegele kwa furaha yote ya miaka yote aliyomlea yule binti, wewe umekichukua ukakizima ukabakiza mdomo umefunguka na ulimi, afu ukaweka piano. Familia watakaa na hiyo video miaka na miaka, kuna siku huyo mama hatakuwepo, watatafuta sauti yake kwenye video ya harusi hawataipata. Vivyo hivyo hotuba ya baba, dua, mshenga akitania, nyimbo za kina shangazi wakati wa kuingiza zawadi. Slomo weka kwenye shela likishikwa na upepo, noti zinapoanguka wakati wa kutunza, shampeni, machozi ya bwana harusi kabla hajayafuta. Na hayo yawe matano sita kwenye hailaiti, ile video fupi ya matukio bora, ya dakika nne, yanatosha sana. Najua wateja wengine wanataka kila kitu kielee kwa sababu wameona ya fulani imeelea, mwonyeshe matoleo mawili, moja la kuelea lote na moja lenye sauti ya mama yake, mara nyingi anachagua la pili bila hata kumshawishi.

Kwenye michezo hali ni hiyohiyo. Chukua mwanariadha wetu Filbert Bayi, Christchurch, Februari 1974, mita 1500 kwa dakika 3 sekunde 32.16, rekodi ya dunia wakati huo. Uzuri wa mbio zile ni kwamba aliongoza toka mwanzo akawavuta wenzake wote kwa kasi mpaka wa pili, John Walker, naye akapita chini ya rekodi ya zamani. Ukipunguza mbio zote mara nne zinakuwa dakika 14 na umemnyang'anya Bayi kitu kimoja alichoenda kukionyesha, kasi. Lakini mita 20 za mwisho ukizishusha, sura yake, ya Walker nyuma yake, hapo umemsaidia mtazamaji aone kilichopita haraka mno.

Na hapa ndo nafika kwenu Mhariri, kwa sababu gazeti lenu siku hizi linaweka klipu za mechi mtandaoni. Rafu zinawekwa slomo peke yake. Mguu unaenda polepoleee mpaka kwenye enka ya mwenzake, watu wanaandika chini huyu ni muuaji, alikusudia, afungiwe. Kumbe tukio zima lilichukua chini ya sekunde moja, mchezaji alikuwa anaufuata mpira. Hili limefanyiwa utafiti, Eugene Caruso na wenzake Marekani walichapisha mwaka 2016 kwenye jarida la PNAS kwamba mtu akiangalia tukio kwa slomosheni anaona mtendaji amekusudia zaidi kuliko akiliangalia kwa spidi ya kawaida, kwa sababu anahisi alikuwa na muda wa kufikiria ambao hakuwa nao. Walitumia mpaka video za kesi ya mauaji ambayo baraza la wazee wa mahakama lilionyeshwa. Ukionyesha spidi zote mbili kosa hilo linapungua ingawa haliishi. Hata IFAB wanaotunga sheria za soka, kwenye mwongozo wao wa VAR, yaani refa msaidizi wa video, wamesema slomosheni iwe ya kuangalia vitu kama mguu uligusa wapi au mpira ulitoka au haukutoka, lakini ukali wa rafu upimwe kwa spidi ya kawaida. Kama refa mwenye mafunzo anazuiwa, sisi tunaomwekea msomaji kwenye simu yake saa mbili usiku akiwa na hasira za kufungwa tunatakiwa kuwa waangalifu zaidi yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa meza yenu ya video ni hili. Rafu ikiwekwa, ianze spidi ya kawaida na sauti ya uwanja, afu ndo ije slomo, na pembeni kwenye skrini iandikwe imepunguzwa mara ngapi. Na mwaka huu mkituma mtu Bujora mwezi wa sita, mwambieni asiende na kamera tu, abebe na kinasa sauti, akae karibu na wapiga ngoma, na kikundi chochote atakachokirekodi akiandike jina lake na jina la manju wake chini ya video, maana hilo nalo tunalisahau sana.

Wenu msomaji,
Edita wa video, Kisesa, Mwanza